Kuuliza "Wewe ni kabila gani?" ni ubaguzi?

Mgeni wa Ipagala

Habari zenu ndugu zangu. Nilihamia Dodoma mwaka huu kikazi, na ofisi yangu iko Mtumba. Nimezaliwa na kukulia Tarime, kwa hiyo Kiswahili changu kina lafudhi ya nyumbani: "l" hunitoka kama "r", hasa ninapozungumza kwa haraka, na anayenisikia kwa dakika moja hujua nilikotoka.

Katika juma moja niliulizwa swali lile lile na watu wawili. Wa kwanza ni mama mmoja wa ofisini, ambaye alinimiminia chai na kuniuliza, "Mwanangu, lafudhi hiyo ni ya Mara au nimekosea? Wewe ni Mkurya?" Nilipokubali alinieleza kwamba aliwahi kuishi Musoma, akaniuliza hali ya wazee wangu na kama bado tunakula ugali wa mtama, nami nikajisikia kama nimempata mama mdogo katika mji nisiomjua mtu.

Wa pili ni mwenye nyumba. Tulikuwa tumeshakubaliana kodi, na nilitakiwa kuilipa jioni ile ile. Nilipomwambia kwamba ningependa "kurara" pale kuanzia kesho yake, alinitazama akauliza, "Kumbe wewe ni Mkurya?" Nikasema ndiyo. Saa mbili baadaye alinipigia simu kuniarifu kwamba chumba kimekwisha kuchukuliwa. Majuma mawili yakapita na kibao cha "Chumba kinapangishwa" bado kiko getini.

Maneno yalikuwa yale yale, na sauti zote mbili zilikuwa za upole. Nawezaje kujua, kabla sijajibu, kwamba ninaulizwa kwa upendo au ninapimwa? Na je, nina haki ya kutojibu?

Mzee wa Mpwapwa

Binti yangu, mbukwa. Pole kwa yaliyokupata, na karibu Ugogo.

Sisi tuliolelewa huku tunaona kwamba kumuuliza mgeni kwao ni sehemu ya kumkaribisha. Mtu anaulizwa ukoo wake na mwiko wa ukoo huo kwa sababu huenda mkagundua kwamba ninyi ni ndugu, au kwamba ni mtani, na mtani ana nafasi yake. Misafara iliyotoka Pwani kwenda Unyamwezi ilipita katika nchi yetu kavu na kulipa hongo ili ipate maji na chakula, na katika kukutana huko, pamoja na ugomvi wake, ulizaliwa utani. Mtani anaweza kukuuliza lolote na kukusema utakavyo na usivyotaka. Lakini wewe pia unamsema, na siku ya msiba wako yeye ndiye anayekuja kuchimba kaburi na kuwachekesha waliofiwa. Haki yake ya kukutania inakwenda na wajibu. Mwenye nyumba wako alichukua haki ya mtani bila kuwa na wajibu wowote kwako, wala hakukuachia nafasi ya kumjibu.

Uchungu wako naujua. Nikiwa kijana Dar es Salaam, kila nilipofungua kinywa na watu wakatambua kwamba ni Mgogo, niliulizwa ninaombaomba katika barabara ipi. Nilikuwa fundi seremala mwenye karakana yangu. Kwa miaka miwili nilijifunza kuzungumza kama mtu wa Pwani, na niliporudi nyumbani mama yangu aliniuliza mbona nazungumza kama ninayeogopa mtu. Usiibadilishe lafudhi yako, mwanangu.

Karani wa Makole

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa kuwa wengi hudhani kwamba ubaguzi ni suala la rangi pekee. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, pale inapoeleza maana ya kubagua, inataja kabila na mahali mtu alipotokea pamoja na rangi, dini na mengineyo. Kinachokatazwa hapo ni kuwatendea watu kwa tofauti, yaani kuwahesabu wa aina fulani kuwa duni na kuwawekea vikwazo, huku wengine wakipewa nafasi. Swali lenyewe halitajwi. Kwa kipimo hicho mama wa ofisini hakukosa kitu, na aliyekunyima chumba alikosa hata kama angekunyima bila kuuliza, kwa kusikia tu "r" yako.

Hata hivyo Serikali yenyewe iliona kwamba kuna maswali ambayo ni afadhali yasiulizwe na mwenye mamlaka. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao. Ile ya 2022 haikuuliza. Jirani akiuliza, ni mazungumzo. Anayeshika kalamu, muhuri au funguo akiuliza, anapaswa kuwa na sababu inayohusiana na kazi yake, na usipoiona sababu hiyo una haki kabisa ya kutojibu.

Mzaliwa wa Uhindini

Mimi ni Mtanzania mwenye asili ya Asia, na babu yangu alizaliwa hapa Dodoma. Nikiulizwa "Wewe ni wa wapi?" najibu "Dodoma," na hapo ndipo linapokuja swali la pili: "Hapana, kwenu hasa ni wapi?"

Dada, swali la kwanza halijawahi kunikera. La pili ndilo linalouma, kwa sababu jibu langu limeshatolewa na limekataliwa. Mwaka jana, katika ofisi moja ambako nilipeleka kitambulisho cha taifa, niliulizwa hivyo mara tatu, na aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni hakuulizwa hata mara moja. Wauza nyanya wa sokoni, ambao hunisikia nikisalimia kwa Kigogo, huniuliza nilijifunzia wapi. Nikiwaambia kwamba nilifundishwa na bibi jirani yetu, wanaamini na tunaendelea na bei.

Mwenye nyumba, Miyuji

Si mimi niliyemnyima binti huyu chumba, lakini nami huwauliza wapangaji kabila, na ninyi nyote mnaandika kana kwamba mwenye nyumba hana hofu. Naishi ua mmoja na wapangaji, ni mjane, na nina mabinti wawili. Mpangaji mmoja aliwahi kumpiga mkewe usiku hadi tukaita mwenyekiti wa mtaa. Tangu hapo nikisikia kabila lile, moyo unashtuka. Mnataka niulize nini?

Mzee wa Mpwapwa

Mama, hofu yako ni ya haki, lakini yule aliyempiga mkewe alikuwa na jina lake. Muulize mpangaji anafanya kazi gani, amepanga wapi kabla ya hapa, na umpigie simu mwenye nyumba wa huko. Wagogo wanaowapiga wake zao nawafahamu kwa majina, na sijasikia wewe ukiwanyima vyumba Wagogo wote.

Mgeni wa Ipagala

Nawashukuru, na shikamoo kwa wazee. Mama wa Miyuji, nimekuelewa kuliko nilivyotarajia. Ungenipigia mwenye nyumba wangu wa Tarime ningekushukuru, maana angekuambia kwamba sikuwahi kuchelewesha kodi hata mwezi mmoja.

Chumba nimekipata Ipagala kupitia yule mama wa ofisini, ambaye alinisindikiza mwenyewe. Atakayenisikia na kutaka kujua kwetu, nitamwambia kwamba ni Mkurya wa Tarime. Ila akiwa ameshika funguo, nitamwomba kwanza anieleze jibu langu atalitumia kwa jambo gani.