Irente (Lushoto) na watoto wawili na bibi mwenye goti, tutaweza?

Mama Wawili:
Habari zenu wakuu. Tupo Dar, mwezi wa 12 shule zikifungwa nataka niwatoe wanangu wakaone milima, maana mkubwa (miaka 9) anadhani mlima ndo vile vilima vya Pugu 😂 Mdogo ana 5. Na mama yangu kasema haachwi, goti la kulia linamsumbua ila ubishi anao. Nasikia Lushoto kuna njia ya kutembea mpaka Irente ambayo haina kupanda sana, kuna aliyeenda na watoto? Sitaki mambo ya Kilimanjaro, nataka tutembee, tule, tupige picha, turudi tukalale.

Mgosi wa Milimani:
Karibuni kwetu dada. Irente inafaa kabisa ila usidanganywe na mtu akikwambia "hapo tu", sisi Wasambaa tukisema hapo tu jua kuna vilima vitatu. Kutoka Lushoto mjini mpaka kwenye mwamba wa Irente, pale pa kuangalia bondeni, ni kama kilomita 6, kwenda na kurudi 12, huyo wa miaka 5 utarudi naye mgongoni.
Fanyeni hivi. Msiwahi sana, subirini ukungu upande, saa nne hivi mchukue gari iwafikishe juu kabisa. Pale kwenye mwamba mtoto asiachiwe mkono hata dakika moja maana chini yake ni karibu mita elfu moja mpaka Mazinde, nyumba unaziona kama viberiti na malori ya barabara ya Moshi yanatambaa kama siafu. Mkishiba picha rudini kwa miguu mpaka shamba la Irente lile la kanisa la KKKT, mwendo wa nusu saa hivi kwa hatua za bibi, njia inapita kwenye mahindi na migomba na watu wapo so hampotei. Pale kuna jibini wanatengeneza wenyewe, mkate wa brauni na jamu. Mle, gari iwafuate hapohapo.

Baba Tripu:
Mgosi kasema vizuri ila kasahau kona za kutoka Mombo, pale chini kwenye barabara kuu, kupanda Lushoto. Ni kama kilomita 33 tu, lami safi, lakini inajinyonga ile mbaya. Mwaka juzi nilimnunulia mwanangu chipsi mayai pale Mombo, kabla hata hatujafika Soni zote zikawa kwenye mapaja ya mama mkwe. Hakusema neno, akatoa kanga ya pili kwenye mkoba, akajifuta taratibu, akaniangalia. Mpaka leo nikipita Mombo sinunui hata maji. Wape vitu vikavu, mdogo akae dirishani, na Soni mshuke kidogo muangalie maporomoko, hewa iwaingie.

Chuga Boy:
Kwani lazima Lushoto? Nendeni Materuni pale Moshi, maporomoko makubwa na kahawa mnatwanga wenyewe.

Mgosi wa Milimani:
Materuni pazuri sikatai, ila kule karibu na maji kuna utelezi na kurudi ni kupanda. Goti la bibi umelisoma au umeruka?

Mama Wawili:
😂😂 Asanteni. Baridi je? Na wanyama?

Mgosi wa Milimani:
Baridi yenyewe ni Juni na Julai, Desemba sweta jepesi linatosha, ila mvua ya mchana inaweza kuwakuta na udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni, vaeni viatu vyenye meno, siyo yeboyebo. Mkipata siku ya pili nendeni msitu wa Magamba na mtu wa kuwaongoza, kuna mbega, watoto watafurahi. Na kuna vinyonga, madume yana pembe mbili puani. Mtoto wa njiani akikuletea kinyonga kwenye kijiti umlipe, usilipe, ndo wanavyozidi kuwatoa msituni.

Mama Wawili:
Nimemsomea mama hapo kwenye kinyonga, kasema siku ya Magamba yeye anabaki na jibini yake. Hivi hiyo jibini inafika Dar salama?

Mgosi wa Milimani:
Inafika, ifunge kwenye gazeti uiweke mbali na jua. Na mbali na mtoto wa Baba Tripu.

Baba Tripu:
Nimeiona hiyo 😒