Naomba ushauri: nihamie mall au nibaki na fremu yangu Sinza?

Wakuu, habari za jioni. Nauza viatu vya watoto, fremu yangu iko Sinza mwaka wa tano sasa. Nimepata nafasi ndogo ndani ya mall moja hapa Dar, ila kodi ni karibu mara tatu ya ninayolipa, na juu yake kuna pesa ya ulinzi na usafi.

Kinachonitia hofu ni historia. Mlimani City ilifunguliwa 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tukaenda wote kushangaa (mimi nilienda kupigwa na kiyoyozi tu). Shoprite, supermarket iliyokuwa humo, wakawauzia wenzao Nakumatt maduka yao ya Tanzania mwaka 2014, Nakumatt nao wakafunga, baadaye Game, duka kubwa jingine la humo, wakaondoka nchini. Duka kubwa likifungwa, sisi wa pembeni tunamuuzia nani?

Jumamosi nilikaa mbele ya hiyo nafasi masaa mawili nikihesabu. Watu walipita wengi, wenye mifuko mkononi kumi na mmoja tu. Waliobaki ni ice cream na selfie.

Mlioko ndani ya mall, mkataba wenu unasemaje duka kubwa likiondoka? Kodi inashuka? Na mnalipa ya miezi mitatu au sita?