Soseji ndogo za kuzungushia bekoni kwa ajili ya sherehe: tupeane uzoefu, zangu zimenitia aibu

mama_vikombe

Habari za jioni wakuu. Jumamosi ya wiki ijayo dogo wetu anapata kipaimara hapa Moshi, na mi kwenye kamati nimejitwisha baitingi kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nikasema nitatengeneza zile soseji ndogo za kokteli zinazozungushiwa bekoni, zinachomekwa kijiti, watu wanakula wakati wanasubiri msosi. Nilishazila kwenye harusi moja nikaona vitu viwili tu, nani wa kushindwa?

Jana nikafanya majaribio. Nikachukua kipande kizima cha bekoni nikamfunga soseji kama mtoto mchanga anavyofungwa kanga, nikazipanga zimebanana kwenye trei, nikaingiza kwenye kioveni changu cha mezani nyuzi 160 dakika 20. Zilipotoka jamani! Soseji zinaogelea kwenye mafuta, bekoni nyeupeee, ukiing'ata inavutika kama kamba ya ndala. Shemeji kaonja moja, akatafuna weee, akaniuliza kwa upole kabisa "shem, hii ngozi mnaitoa kwanza au mnakula nayo?"

Kwa hiyo mliowahi kutengeneza njooni mseme zilivyowaharibikia na mlivyojiokoa. Resipe sitaki, nimezisoma tangu jana na zote zinasema ni rahisi. Wageni 70.

kijiko_cha_chai

Pole dada. Nimecheka ila pole. Kosa lako ni kile kipande kizima, umeivalisha soseji koti la baridi, na huo moto mdogo ndo ukamalizia.

Mi niko Uingereza, miaka mitatu nilikuwa jikoni kwenye nyumba moja ya wazee na ikifika Desemba hiki kitu tunakizungusha mpaka unakiota usiku. Huku wanaita nguruwe kwenye blanketi, ukienda Scotland wanakwambia ni askari waliovaa kilti, zile sketi zao za wanaume. Na wao hawali kama baitingi hasa, inakaa pembeni ya bata mzinga kwenye sahani ya Krismasi. Sasa kulikuwa na mpishi mmoja mzee, mkali huyo, ndo alinionyesha. Unalaza bekoni kwenye ubao, unashika ncha moja kwa kidole, halafu unachukua MGONGO wa kisu, sio makali, unaikandamiza na kuivuta kuelekea mwisho. Inarefuka, inakuwa nyembamba mpaka unaona ubao kwa chini. Hapo ndo unakata mara mbili au mara tatu, kila kipande kinavaa soseji moja, mzunguko mmoja na kidogo, basi. Faida yake nyingine ni kwamba ikishavutwa hivyo haijikunji sana ikipata moto.

Oveni iwe imeshawaka, nyuzi 200, dakika 25 mpaka 30, katikati ya safari unazigeuza. Ziachie nafasi kama upana wa kidole, zikibanana zinatoa mvuke zinachemshana zenyewe kwa zenyewe, ndo hiyo ngozi ya shemeji. Mshono ukae chini. Wiki yangu ya kwanza nilipanga trei nzima mshono juu, zimetoka zote zimefunguka kama watu waliotupa shuka usiku wa joto, yule mzee akaniangalia tu hakusema neno, na kukaa kwake kimya kulikuwa kubaya kuliko matusi.

Halafu nunua bekoni ya tumbo, ile yenye mistari ya mafuta. Ya mgongo ni pana na nyama tupu, inakauka.

nusu_kilo_na_ndizi

Kitimoto kavaa kitimoto 😂😂 hapo kwenye kipaimara tunaingia kwa kadi au hata kwa ukuta? Ila sirias, kwani mngekaanga tu kavu na ndizi mkaweka vijiti nani angelalamika, watu wa kamati mnapenda kujitesa

mama_vikombe

@nusu_kilo_na_ndizi kaa kwa kutulia.

@kijiko hiyo ya mgongo wa kisu sijaiona kwenye resipe hata moja, ubarikiwe

msukuma_wa_houston

Hilo jina la blanketi ndo liliniponza mimi. Nimefika Marekani mwaka wa kwanza, kazini tukaambiwa siku ya Super Bowl kila mtu aje na kitu, mi kwenye karatasi nimepangiwa nguruwe kwenye blanketi. Nikauliza jamaa yangu aliyekaa London akanielekeza kama alivyosema kijiko hapo juu, nikakesha nazungusha bekoni. Nafika, kila mtu ananiangalia. Kumbe Wamarekani blanketi lao ni unga! Soseji inavikwa donge la mkate inaokwa. Dada mmoja akawa anasema mbona umeleta kitu kingine, ila nakwambia trei iliisha kabla mpira haujaanza na huyo dada alikula nyingi kuliko wote.

Tangu hapo ndo chakula changu cha kila sherehe. Huku soseji zake zinauzwa tayari zimeshaiva na kukaushwa kwa moshi, ndogo kama kidole cha mwisho, kwa hiyo unahangaika na bekoni tu. Na wanapenda sukari ya brauni juu, na pilipili ya unga kidogo. Sasa sikilizeni kuhusu sukari. Mara ya kwanza nilimwaga sukari tangu mwanzo, moto 200, na sikutandika foili. Sukari ikaungua ikawa lami. Trei niliiloweka siku mbili nikaja kuitupa, na mke wangu mpaka leo akitafuta trei haipo ananiangalia mimi.

Sa hivi natandika foili, naweka wavu juu yake ili mafuta yadondoke chini, naoka kavu mpaka bekoni ianze kubadilika rangi, ndo naipaka sukari zile dakika 10 au 12 za mwisho. Kama unataka sukari iingie tangu mwanzo basi shusha moto 175 na subiri kama dakika 40. Ila sio vyote viwili, moto mkubwa na sukari ya mapema ni kesi.

Na msije mkaziweka kwenye hotpoti eti zisipoe. Mfuniko unashika mvuke, zinarudi kuwa ngozi.

shosh_wa_nakuru

Sasa nyinyi watu wa oveni mnatusahau sisi wa meko. Mimi nilipikia chama yetu kwa nyumba na sina oveni, na soseji za kokteli sikupata kwa duka, nikanunua smokie, hizi tu za smokie pasua huuzwa kwa stage na kachumbari. Nikakata kila moja mara tatu. Smokie imeshaiva tayari so hakuna kuogopa ndani kubaki mbichi, ni bekoni tu unatafuta iive.

Raundi ya kwanza niliharibu juu ya toothpick. Nilidunga kila moja ndio isifunguke, kuweka kwa pan sasa zinasimama juu ya vijiti kama kuku ako na miguu, upande mmoja umeungua ule mwingine haujagusa pan hata. Na vijiti vikaanza kuwa vyeusi, nyumba moshi, watoto wanakohoa.

Raundi ya pili nikatoa vijiti. Pan ikiwa BADO BARIDI unapanga, ule mwisho wa bekoni ukiangalia chini, ndio uwashe moto, moto mdogo, bila mafuta hata tone. Usiguse. Bekoni ikianza kulia na kutoa mafuta yake yenyewe ule mwisho unajishika na soseji, hapo unaweza kugeuza na haifunguki. Ilinichukua kama dakika 15 kila raundi. Mafuta yaliyobaki nilikaangia sukuma kesho yake, wacha tu.

bi_karafuu

Hamjambo wote. Mimi hicho kitu sikili lakini uzi nimeufuata mpaka huku chini, na nina langu la kumwambia mama vikombe.

Kuna mwaka nilikuwa Dar kwenye send-off ya mwenzangu kazini, trei zinapita, giza giza, muziki, nikachukua kamoja nikajua sambusa za kisasa. Niko nacho mdomoni, binti wa mwenye shughuli ananivuta gauni ananiambia "shangazi wewe si unaswali? hiyo ni mdudu", yaani nguruwe. Nilitema kwenye leso, nikakimbilia bombani, nikasukutua mpaka fizi zikauma. Sikumlaumu mtu maana hakuna aliyenikusudia ubaya, ila hakuna pia aliyefikiria. Kwa hiyo mwanangu andika kikaratasi kikubwa, trei ikae meza ya peke yake, na kibanio chake kisitoke hapo kikaenda kwenye sambusa. Hilo la kibanio wengi hawalijui, wanaweka meza mbali halafu koleo moja linazunguka kote.

Sasa hivi niko Muscat na tunatengeneza hivyo hivyo kwa bekoni ya ng'ombe na soseji za kuku. Bekoni ya ng'ombe haina mafuta ya kujipika, ukiipa dakika 25 inakuwa kama mkanda wa suruali. Ipake samli kidogo, dakika 12 hadi 15 itazame. Na nikiishiwa soseji natoa kokwa kwenye tende, nachomeka lozi moja ndani, navika bekoni. Wajukuu wanaacha soseji wanagombania tende.

kijiko_cha_chai

@bi_karafuu Waingereza wanayo hiyo, wanatumia plamu kavu au tende na bekoni ya nguruwe, wanaita mashetani juu ya farasi. Na chaza wakivikwa bekoni wanakuwa malaika juu ya farasi. Msiniulize farasi yuko wapi

mama_vikombe

Shikamoo bi karafuu. Umeniokoa, majirani zetu karibu nusu ni Waislamu na sikuwa nimewaza kabisa, nilikuwa nawaza bekoni tu. Nitafanya na za kuku trei ya pembeni, sufuria tofauti.

sufuria_namba_40

Mi napikia watu sherehe hapa Mwanza, ngoja nikupe hesabu maana naona wote wanaongelea utamu na wewe una watu 70. Kama kuna msosi kamili nyuma yake weka 4 kwa kichwa, wengine watakula 2 wengine watakula 9 (utawajua, wanasimama karibu na mlango wa jikoni). Kwa hiyo 280. Kama ni vinywaji tu bila msosi weka 7 au 8. Kioveni cha mezani kinabeba kama 40 bila kubanana, piga hesabu hiyo ni raundi 7 za nusu saa, yaani masaa matatu na nusu umesimama hapo, azima oveni ya jirani mapema.

Kuzungusha fanya usiku wa kuamkia, panga kwenye trei, funika, friji. Asubuhi unaoka tu. Soseji usinunue za bei ya kutupa, zile zina unga mwingi, zikipata moto zinavimba zinapasua bekoni halafu zikipoa zinanywea, bekoni inabaki imelegea kama soksi. Kama soseji zako ni mbichi, toa moja kubwa ya katikati ya trei uikate, ndani isiwe ya pinki. Na mezani zisizidi masaa mawili, zinazobaki rudisha friji, joto letu hili halitaki utani.

Yaliyonikuta mimi: ubatizo, trei mbili ziko ndani dakika ya 10, umeme ukakatika. Bekoni ndo imeanza kutoa jasho. Nikasubiri robo saa nikaona hapa nachezea kazi, nikawasha mkaa, nikachukua sufuria kubwa ile ya kuokea keki za mkaa, nikaweka mchanga kidogo chini, juu yake wavu, juu ya wavu sahani ya bati na soseji zake, mfuniko, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Watu wanakosea wanaweka moto mwingi chini, chini ikiungua juu bado. Zilitoka za brauni, zinalia, na kaharufu ka mkaa juu yake ambako oveni haitakupa. Mteja akaniuliza umetumia viungo gani, nikamwambia siri ya kampuni.

babu_kijiti

Vijiti mchomeke BAADA ya kutoka motoni. Mkichomeka kabla loweka kwenye maji nusu saa, lakini bora baada. Na chukua virefu vyenye kishanga au karatasi juu ili mtu aone. Mjomba wangu aling'ata nusu ya kijiti kwenye harusi ya binti yake, picha zote za kukata keki kashika shavu.

tesha_online

eyafraya (kile kioveni cha hewa ya moto) mmeisahau, 190 dakika 10 mpaka 12, usijaze, tikisa katikati. weka maji vijiko viwili chini kwenye droo la sivyo mafuta yanatoa moshi majirani wanakuja na ndoo

mama_vikombe

Wakuu narudi, nimechoka nimelala kutwa nzima ya jana.

Ijumaa usiku tulikaa mi na mabinti wawili mpaka saa sita tunazungusha. Ya mgongo wa kisu tulizikata kumi za kwanza katikati tukabaki tunacheka, kumbe nilikuwa nakandamiza mno, inatakiwa kulaza kisu kidogo. Tukafika 240 bekoni ikaisha, zile 40 zilizobaki tukaoka hivyo hivyo uchi. Nikaazima oveni ya jirani. Foili, wavu, 200, mshono chini. Sukari niliweka trei moja tu na hiyo trei sikuionja maana haikunifikia.

Za kuku meza yake, kikaratasi chake, kibanio nimekifunga utepe wa kijani, na kuna mama mmoja jirani alinishika mkono akasema asante kwa kile kikaratasi. Tende sikupata nzuri.

Kosa: raundi ya tatu nilienda kuvaa, nikasahau, 25 zimeungua. Nusu kilo na ndizi angekuwepo angezila.

Saa kumi na moja jioni nafuta meza, shemeji kaja jikoni kwa mlango wa nyuma na sahani, anaongea chini chini, "shem, ile ngozi imebaki?"