Naomba ushauri: programu moja, Java 8 na Java 17, niifungashe vipi?

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Nimeandika programu ya hesabu za duka kwa Java na JavaFX (maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe). Inatumika kwenye maduka matatu ya pembejeo: Kondele, Ahero na Kakamega.

Kompyuta ya Kondele ina Java 8, ya Kakamega fundi aliweka 17. Nikiijenga kwa 17, Kondele inakataa kabisa: faili zangu zinatoka na toleo la 61 (la Java 17), Java 8 yenyewe inasoma mwisho 52. Nikiijenga kwa 8, Kakamega nayo haifunguki, maana JavaFX iliondolewa kwenye JDK (kifurushi cha Java chenyewe) kuanzia Java 11, mwaka 2018. Kumwambia mama wa Kondele aondoe Java 8 siwezi, kuna programu yake nyingine inayoitegemea. Na alinilipa, kwa hiyo jambo hili linanikosesha usingizi.

Nimefikiria jpackage, zana ya Java ya kufungasha programu, ili programu ibebe Java yake ndani bila kugusa iliyopo. Lakini mimi natumia Ubuntu na maduka yote ni Windows, na jpackage hutengeneza kifurushi cha mfumo unaouendesha tu. Halafu kifurushi ni kizito. Nikirekebisha hata kitufe kimoja, wapakue chote upya kwa bando?

Kuna aliyewahi kuweka Java kwenye folda yake kando, mara moja, kisha akawa anabadilisha faili ya jar (yenye programu yenyewe) peke yake? Ya Ahero nayo ni Windows ya biti 32, hiyo mngeifanyaje?