Dada kaikatia njiani Dark msimu wa 3. Nimshawishi amalize au nimwache?

MwanaWaWete

Assalam aleykum ndugu zangu. Naomba ushauri, na mnivumilie kwa urefu wa maelezo. Ambaye hajaiangalia Dark mpaka mwisho asiendelee kusoma, maana humu nitataja kila kitu.

Mimi niko Unguja kikazi, dada yangu mkubwa yuko nyumbani Wete. Kwa zaidi ya miezi miwili tumekuwa tukiiangalia hii tamthilia ya Kijerumani ya watu wanaosafiri katika wakati, kila mtu kwake, kisha baada ya Isha tunapigiana simu. Msimu wa 1 wenye sehemu 10 tuliumaliza kwa wiki mbili. Dada akachukua daftari la skuli la binti yake, akaanza kuchora nasaba za watu wa Winden, mji wa hadithi hii: Nielsen, Kahnwald, Doppler, Tiedemann. Kila akijua jipya anafuta na kuchora upya, mpaka karatasi ikatoboka pale penye jina la Charlotte, maana mtu ambaye binti yake ndiye mama yake mzazi, mshale wake huujui uuelekeze wapi. Siku alipotambua kwamba Martha ni shangazi yake Jonas alinipigia saa saba za usiku. "Shangazi khasa! Tumbo moja na baba yake!" Hata salamu hakutoa.

Mimi nilikwishaimaliza zamani. Msimu wa 3 niliuangalia ulipotoka tu, 27 Juni 2020, tarehe ileile ambayo ndani ya hadithi Winden inaangamia. Kwa hiyo mwisho naujua, dada haujui.

Wiki iliyopita akafika pale ziwani. Katharina, mama yake Martha, amekwenda 1987 kumtoa mumewe Ulrich katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na anayefanya kazi pale ni Helene, mama yake mwenyewe. Anamfuata mpaka ziwani ili achukue kitu cha kufungulia milango. Helene anaona mwanamke mzima asiyemjua amemvamia, anaokota jiwe, anampiga mpaka anakufa. Mtoto wake. Dada akafunga kompyuta. Aliponipigia hakuwa analia, sauti yake ilikuwa ya chini tu: "Mama kamuua mwanawe na hajui. Mimi sitaki tena." Binti yake ana miaka kumi na mmoja.

Siku nne sasa tunazungumza mambo ya nyumbani tu.

Ninachouliza: msimu huu unastahili nimrudishe? Mimi mwenyewe nina kinyongo nao. Misimu miwili ya mwanzo niliipenda kwa sababu kila maumivu yalikuwa na uzito, hakuna lililofutika. Msimu wa 3 unaleta ulimwengu wa pili, Winden ileile lakini Mikkel, ndugu yake Martha, hakupotea katika wakati akawa baba yake Jonas, basi Jonas hakuzaliwa, na Ulrich kamwoa Hannah, aliyekuwa mama yake Jonas, na sehemu za mwanzo tunaoneshwa upya mambo ya msimu wa 1 yakiwa yamegeuzwa kidogo. Nilichoka. Halafu zikaja sehemu mbili za mwisho nikalia kama mtoto. Sijui niupime kwa kipi. Na je, nimwambie dada yanayokuja, au nitakuwa nimemharibia utamu?

---

KijanaWaMichenzani

Waaleykum salaam. Kaka, mwache dada yako. Nasema hivyo kwa kuipenda hii kazi, nimeirudia mara tatu.

Kosa kubwa la msimu wa 3 ni kwamba umevunja ahadi yake. Misimu miwili tuliambiwa yaliyokwishatokea hayabadiliki. Ulrich alirudi zamani kumuua Helge, aliyemshuku kuwateka watoto, Helge akiwa bado mtoto, akaishia kuwa ndiye aliyemtia lile kovu. Jonas alijaribu kumzuia baba yake asijiue, kumbe kwenda kwake ndiko kulikompa baba yake wazo. Msimu huuhuu wa 3 Jonas anaelekezewa bastola na risasi haitoki, kwa kuwa uzee wake umekwishaonekana. Tukaamini. Kisha sehemu ya mwisho Claudia Tiedemann anakuja na maelezo ya dakika chache: kuna upenyo, katika maangamizi wakati unasimama kwa nukta moja, basi piteni hapo. Fundo la vizazi vyote limefunguliwa kwa nukta moja?

Na Katharina. Alimwahidi Ulrich kwamba atarudi kumtoa. Mzee yule amekaa ndani tangu 1953, anasubiri, na hadithi haimrudii tena kama inavyostahili. Dada yako kaacha palipouma, na mbele hakuna dawa ya pale.

---

MaalimHesabu_Chake

Mwanangu MwanaWaWete, mimi nasomesha hesabu, na hii tamthilia niliingizwa na wanafunzi wangu kwa sababu ya ile miaka 33. Naomba nianzie huko, nitafika kwa dada.

Wao wanasema kila baada ya miaka 33 mwendo wa jua na wa mwezi unakutana. Mzungu anaisikia kama fumbo, sisi tunaiishi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo miaka 33 ya jua ni karibu sawa na miaka 34 ya Hijria, na Ramadhani inarudi ilipokuwa. Tazama miaka ya hadithi yenyewe: 1953, 1986, 2019. Kwa Hijria ni 1372, 1406, 1440. Miaka yote mitatu Ramadhani iliingia mwezi wa Mei, ndani ya masika. Mwaka 1986 nilikuwa mtoto, nilifunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, na nakumbuka mama anauchungulia mwezi baina ya mawingu mlangoni kwetu. Mwaka 2019 mwanangu wa mwisho alifunga mwezi wake wa kwanza mzima, mvua zilezile, mimi nimesimama mlangoni. Mama hayupo. Niliona mduara kwa macho yangu.

Sasa kwa nini nauhesabu msimu wa 3 kuwa ndio bora. Fundo lote lile, na Adam na Eva, yaani Jonas na Martha wakiwa wazee, na dunia zao mbili, mwanzo wake ni nini? Ni mtengeneza saa, H.G. Tannhaus, aliyegombana na mwanawe usiku wa mvua. Kijana akaondoka na mkewe na kichanga chao, gari ikaanguka, wote wakafa. Ilikuwa 1971. Mzee akajenga mashine ili awarudishe, na 1986 alipoiwasha akaupasua ulimwengu wake vipande viwili. Hapana serikali wala maadui. Ni mzazi aliyefiwa na mtoto na hakukubali.

Basi pale ziwani hapakuwekwa kumtesa mtazamaji. Mzazi na mtoto waliopotezana ndio msimu mzima, na pale ndipo palipochimbwa kwa kina. Dada yako amekamatwa na kitu chenyewe khasa. Wengi tulikipita mbio tukitafuta nani ni nani.

Kijana wa Michenzani, kuhusu upenyo: haukuletwa mwishoni. Msimu wa 3 unaanza nao. Siku ya maangamizi Martha wa ulimwengu wa pili anamchukua Jonas, lakini yuko Jonas mwingine aliyebaki, akashuka chini ya nyumba, akaishi mpaka akawa Adam. Wawili hao wanatokaje katika nukta moja kama nukta hiyo haina njia mbili? Tuliambiwa mapema, hatukusikia.

---

KijanaWaMichenzani

Maalim, hilo la Jonas wawili nakubali, sikuwahi kuliunganisha na Claudia. Nitarudi kuangalia. Lakini Ulrich bado ananiuma.

---

MaalimHesabu_Chake

Hata mimi. Hapo sina la kukujibu.

---

Pwani_Mchangani

Mimi naomba mtu anieleze jicho la polisi Wöller limefanya nini. Misimu mitatu nasubiri, na mwishoni pale mezani ndipo anataka kusimulia, akakatizwa.

---

UmmuSalma

MwanaWaWete, mdogo wangu, nimesoma nikasisimka, kwa sababu mimi niliacha palepale. Nina watoto wanne. Niliacha zaidi ya mwezi.

Aliyenirudisha ni mume wangu. Hakunieleza kitu ila kimoja: "Katharina utamwona tena, amekaa mezani anacheka." Basi. Sikujua meza gani, mwaka gani, ulimwengu upi. Lakini nilipata pa kushika. Nikaangalia sehemu zilizobaki nikimtafuta yeye, na utamu haukupungua hata kidogo, maana nilipomwona sikuwa nimebashiri amefikaje pale. Ile karamu, mvua nje, umeme unazimika kidogo, Hannah na mimba yake anasema jina la mtoto... nilikaa kimya mpaka majina yakaisha kupita.

Kwa hiyo mwambie hilo tu. Ya mwisho ya Jonas na Martha usiyaguse, yale ayakute mwenyewe.

Jambo jingine. Kabla hajaendelea, mkumbushe kidani. Egon, polisi wa miaka ile, anampa Hannah aliyerudi zamani, na 1954 Hannah anampa Helene akiwa kigoli, wamekutana kwa yule bibi wa kutoa mimba. Na Hannah pale kajitaja kwa jina la uongo, Katharina. Helene akaliona jina zuri. Mtoto akaitwa hivyo. Kisha kidani kinaanguka mchangani siku anapomuua mwenye jina. Mimi nilipoyaunganisha haya nilimwona Helene kwa jicho jingine. Sikumsamehe, ila nilimwona naye kaanza kuwa msichana mwoga aliyefarijiwa na mgeni mara moja katika maisha yake.

Na kama anaangalia kwa sauti za Kiingereza zilizobandikwa, abadilishe, aweke Kijerumani na maandishi chini. Sauti ya Katharina halisi ndiyo iliyobeba pale hospitali anapomwona Ulrich kazeeka.

---

Mkaazi_Ngambo

Naunga mkono Ummu Salma. Na kama daftari limeshachakaa, Netflix waliweka mwongozo wa nasaba mtandaoni, unachagua umefika sehemu ipi na haukuoneshi ya mbele. Ingawa nasaba aliyoichora mtu kwa mkono wake ni kitu kingine, nisingemwambia aiache.

Kwa maoni yangu sehemu ya 7 peke yake inatosha kuurudisha msimu mzima. Mwaka baada ya mwaka, kila mtu anapelekwa mahali pake tulipomkuta msimu wa 1.

---

MwanaWaWete

Nimerudi, nawashukuru nyote. Maalim, maneno yako nimemsomea mama hapa nyumbani kwa shangazi, amekuja kutibiwa, na yeye hajui Winden ni nini. Aliposikia la Ramadhani alisema mwaka ule wa 1986 anaukumbuka, karafuu hazikukauka.

Jana baada ya Isha nilimpigia dada. Nikaanza na kidani. Akasikiliza, nikasikia anafunua kurasa. Akasema, "Kumbe Hannah ndiye aliyempa jina." Kisha kimya. Nikamwambia kama alivyonielekeza Ummu Salma: Katharina utamwona tena, amekaa mezani anacheka.

Nilidhani atafurahi. Akauliza, "Na watoto wake? Magnus, Martha, Mikkel, nao wapo mezani?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka yote hii namwona Katharina pale mezani, mzima, mchangamfu, nashukuru, na sikuwahi kuhesabu kwamba ana watoto watatu na katika ulimwengu ule wa asili hakuna hata mmoja aliyezaliwa. Nikanyamaza. Dada ananijua, akaelewa kunyamaza kwangu.

"Basi usinambie," akasema. "Nitaangalia mwenyewe."

Leo usiku anaanzia palepale ziwani. Daftari nililisikia akimwambia binti yake alilete, na penseli.