Betri imeagizwa irudishwe kiwandani, huduma kwa wateja wananizungusha

Wakuu, namba ya betri ya laptopu yangu imo kwenye orodha ya zinazorudishwa. Nimepiga simu, dada wa watu anadai risiti, eti waranti imeisha. Nilipewa na shemeji, risiti nitaitoa wapi? Na kibodi imeanza kuinuka katikati.

— Waranti haihusiki hapo, mkuu. Hili ni suala la usalama. Waandikie barua pepe, weka picha ya lebo ya betri yenyewe, siyo ya laptopu. Mwaka 2006 Dell walirudisha betri milioni 4.1, wakabadilisha bure.

— Kuinuka?! Imevimba hiyo! Zima, usichaji tena. Usiibonyeze.

— Wala usiitume kimyakimya kwa posta. Betri za lithiamu kama hiyo zina masharti yake kutumwa, ngoja maelekezo ya kampuni.

— Nimezima. Barua pepe naandika kwa simu.