Vikosi vya Tennessee Mashariki vilivyopigania Muungano: viliundwaje, na kwa nini namba zake zinafanana na za upande wa pili?

Mkazi wa Knoxville

Salamu kwenu nyote. Ninaishi Knoxville, mji ulio mashariki mwa jimbo la Tennessee nchini Marekani, ambako familia kadhaa zenye asili ya Burundi na Kongo zimefanya makazi, na ninaomba msaada wa wale waliosoma historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Shuleni nilifundishwa kwamba Tennessee ilikuwa upande wa Kusini, yaani upande wa majimbo ya Shirikisho yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Hata hivyo, katika makaburi ya taifa ya hapa mjini upo mnara mrefu wenye sanamu ya askari kileleni, uliojengwa kwa heshima ya watu wa Tennessee waliokuwa katika jeshi la Muungano, yaani upande wa serikali kuu ya Marekani. Iliwezekanaje jimbo lililojitenga likatoa vikosi vizima vya kupigana dhidi ya serikali yake lenyewe?

La pili ni la kifamilia, ingawa si familia yangu. Wenzangu wawili kazini, wote wenyeji wa jimbo hili, wanasema kila mmoja alikuwa na mzee wa ukoo katika Kikosi cha 7 cha Wapanda Farasi cha Tennessee. Mmoja anashikilia kwamba kilikuwa kikosi cha Muungano, na mwenzake anashikilia kwamba kilikuwa cha Shirikisho. Ningependa kujua ni nani mwenye kumbukumbu sahihi kabla mjadala wao haujawafikisha pabaya.

Mwalimu wa Historia, Iringa

Ndugu Mkazi, karibu sana. Nitajibu swali la kwanza, na la pili nawaachia wanaozifahamu nyaraka kuliko mimi.

Jibu linaanzia kwenye ardhi. Mashariki mwa Tennessee ni nchi ya mabonde yaliyobanwa kati ya milima ya Appalachia na uwanda wa juu wa Cumberland, na haikuwa na mashamba makubwa ya pamba kama yale ya magharibi karibu na Memphis. Wengi wa wakazi wake walikuwa wakulima wadogo wa mahindi na ngano, wafugaji wa nguruwe na ng'ombe wachache. Mwaka 1860 watumwa walikuwa karibu robo ya watu wote wa jimbo, lakini huko mashariki walikuwa takriban mtu mmoja katika kila kumi. Juu ya hayo palikuwa na chuki ya muda mrefu dhidi ya matajiri wa katikati na magharibi mwa jimbo, ambao watu wa milimani waliamini kwamba wanaitawala Nashville, mji mkuu wa jimbo, kwa faida yao wenyewe.

Mwezi Februari 1861 wapiga kura wa Tennessee walikataa hata kuitisha mkutano wa kujadili kujitenga. Mambo yaligeuka mwezi Aprili, baada ya ngome ya Fort Sumter kupigwa mizinga na Rais Abraham Lincoln kuyataka majimbo yatoe askari 75,000. Gavana Isham Harris alikataa kutoa hata mmoja, akaingia katika mapatano ya kijeshi na Shirikisho, na tarehe 8 Juni kura ya maoni ikaidhinisha kujitenga. Mashariki walikataa kwa kura 32,923 dhidi ya 14,780, na katika Kaunti ya Scott ni watu 19 tu waliounga mkono kujitenga huku 541 wakipinga. Wajumbe wao walikutana Greeneville mwezi huohuo wa Juni na kuliomba bunge la jimbo liwaruhusu waunde jimbo lao. Bunge lilikataa, na majeshi ya Shirikisho yakaingia kulinda reli iliyopita katika mabonde hayo, kwa sababu ndiyo iliyounganisha Virginia na majimbo ya kusini zaidi. Watu wa magharibi mwa Virginia, waliokuwa na malalamiko yanayofanana na haya, walifanikiwa kupata jimbo lao la West Virginia mwaka 1863 kwa sababu jeshi la Muungano liliwafikia mapema. Tennessee Mashariki ilisubiri zaidi ya miaka miwili.

Kusubiri huko kuliwagharimu sana. Usiku wa tarehe 8 Novemba 1861 wenyeji watiifu kwa Muungano, kwa mpango wa mchungaji William Blount Carter uliokuwa na baraka za Lincoln, walishambulia madaraja ya reli na kufanikiwa kuchoma matano, wakitarajia kwamba jeshi litavuka kutoka Kentucky kuja kuwasaidia. Jenerali William T. Sherman, aliyekuwa na amri huko Kentucky wakati huo, alikuwa amesimamisha safari hiyo, na habari hazikuwafikia. Waziri wa Vita wa Shirikisho, Judah Benjamin, aliagiza wachomaji watakaopatikana na hatia wanyongwe na miili yao iachwe ikining'inia karibu na madaraja. Watano walinyongwa, na mamia wengine wakakamatwa.

Tangu hapo wanaume walianza kutoroka, na sheria ya uandikishaji wa lazima ambayo Shirikisho liliipitisha Aprili 1862 iliongeza mkondo huo mara nyingi. Walisafiri usiku na kujificha mchana, wakiongozwa na watu waliozijua njia za milimani, maarufu miongoni mwao akiwa Daniel Ellis wa Kaunti ya Carter, hadi walipofika Kentucky. Huko, katika kambi ya Camp Dick Robinson, Vikosi vya 1 na vya 2 vya Askari wa Miguu vya Tennessee viliundwa mwaka 1861 chini ya Kanali Robert Byrd na Kanali James Carter. Ndugu wa James Carter na wa yule mchungaji, Samuel Carter, alitolewa katika jeshi la majini ili aje kuwapanga, akawa brigedia jenerali wa nchi kavu na baadaye admirali.

Ninaomba uizingatie hali hiyo: hivi ni vikosi vya wenyeji, lakini havikuundwa nyumbani. Askari wake walikuwa wakimbizi ambao wake zao, wazazi wao na mifugo yao ilibaki mikononi mwa adui, na ndiyo maana barua na maombi yao kwa makamanda yalirudia jambo moja tu, kwamba wapelekwe Tennessee Mashariki. Mwezi Juni 1862 walifika Cumberland Gap, ambayo ni lango la kuingia kwao, pamoja na Jenerali George W. Morgan, wakaishika njia hiyo kwa miezi mitatu, kisha Septemba wakalazimika kuiacha na kurudi nyuma hadi Mto Ohio. Nadhani hakuna kipindi cha vita hivyo kilichowaumiza zaidi kuliko hicho, hata kama hakikuwa na mapigano makubwa. Knoxville haikukombolewa hadi Jenerali Ambrose Burnside alipoingia mwanzoni mwa Septemba 1863.

Msomaji wa Nyaraka

Shikamoo Mwalimu, na ahsante kwa maelezo hayo. Nitachukua swali la pili.

Ndugu Mkazi, wenzako wote wawili wako sahihi. Serikali mbili zilidai kuiwakilisha Tennessee, na kila moja ilivihesabu vikosi vyake kuanzia namba 1 bila kujali hesabu ya mwenzake. Kwa hiyo palikuwa na Kikosi cha 3 cha Askari wa Miguu cha Tennessee katika jeshi la Shirikisho, kilichoundwa na Kanali John C. Vaughn wa Kaunti ya Monroe, na kingine cha namba hiyohiyo katika jeshi la Muungano chini ya Kanali Leonidas Houk, na vyote viwili vilijaa watu wa mabonde yaleyale ya mashariki.

Kikosi cha 7 cha Wapanda Farasi ndicho mfano unaotia uchungu kuliko yote. Cha Muungano kiliandikishwa magharibi mwa jimbo, ambako pia zilikuwepo kaunti zilizogawanyika, na kamanda wake alikuwa Kanali Isaac Hawkins. Cha Shirikisho kilitoka magharibi hukohuko. Tarehe 24 Machi 1864, katika mji wa Union City, Hawkins alizingirwa na Kanali William Duckworth, kamanda wa Kikosi cha 7 cha Shirikisho, ambaye alimpelekea barua ya kumtaka ajisalimishe, iliyoandikwa kwa jina la Jenerali Nathan Bedford Forrest wa Shirikisho ingawa Forrest hakuwepo. Hawkins aliamini, akakabidhi silaha pamoja na watu wapatao 500, ilhali msaada ulikuwa njiani. Wengi wa askari wake walipelekwa gereza la kivita la Andersonville, huko Georgia, na idadi kubwa hawakurudi. Inawezekana kabisa kwamba mzee wa mwenzako mmoja alimlinda mzee wa mwingine akiwa mateka siku hiyo.

Anayetafuta jina la mtu asiishie kwenye namba ya kikosi. Aangalie kombania, kwa sababu kombania moja kwa kawaida ilijazwa na watu wa kaunti moja, mara nyingi ndugu, mashemeji na majirani wa kanisa moja, na aangalie mahali na tarehe ya kujiandikisha. Mtu wa Kaunti ya Carter au ya Johnson aliyejiandikisha katika Kikosi cha 13 cha Wapanda Farasi mwishoni mwa mwaka 1863 karibu hakika ni wa Muungano. Kikosi hicho ndicho kilichomuua Jenerali John Hunt Morgan wa Shirikisho mjini Greeneville, tarehe 4 Septemba 1864.

Mtafiti, Nakuru

Nawashukuru nyote wawili, lakini naomba tusiache picha ya watu wa milima waliopenda uhuru wakapigana na wenye watumwa. Utiifu kwa Muungano haukuwa sawa na kupinga utumwa. Andrew Johnson wa Greeneville, seneta pekee wa jimbo lililojitenga aliyebaki katika kiti chake mjini Washington, aliyefanywa gavana wa kijeshi wa Tennessee mwaka 1862 na akawa rais baada ya Lincoln kuuawa, alimiliki watumwa. William Brownlow, mchungaji na mhariri wa gazeti la Knoxville aliyefungwa na kufukuzwa na Shirikisho kwa sababu ya maandishi yake, alikuwa ameutetea utumwa hadharani kabla ya vita. Tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 la kuwaachia huru watumwa halikuihusu Tennessee, na hata hivyo Thomas Nelson, aliyeongoza mkutano ule wa Greeneville, alilipinga vikali.

Kwa hiyo mnapohesabu vikosi vya wenyeji, msiwasahau wenyeji weusi. Takriban wanaume weupe 31,000 wa Tennessee waliandikishwa katika jeshi la Muungano, na weusi walikuwa takriban 20,000, wengi wao watu waliojikomboa kwa kukimbilia kambi za jeshi. Knoxville yenyewe ndiko kilikoundwa Kikosi cha 1 cha Mizinga Mizito cha askari weusi mwaka 1864. Kwa kawaida vikosi hivyo havikubeba jina la Tennessee kwa sababu viliorodheshwa kama vikosi vya watu weusi vya Marekani, na matokeo yake ni kwamba mtu anayesoma orodha ya vikosi vya jimbo haoni hata kimoja kati yao. Hilo ndilo pengo ambalo ningependa wasomaji wetu walitambue kabla ya kitu kingine chochote. Pale Fort Pillow, tarehe 12 Aprili 1864, wapanda farasi weupe wa Tennessee chini ya Meja William Bradford walikuwa ngome moja na wapiga mizinga weusi. Askari wa Forrest walipoingia waliwaua wengi waliokuwa wakijisalimisha, na weusi waliuawa kwa kiwango kikubwa zaidi.

Tena wapo watu wa mashariki waliolichagua Shirikisho kwa hiari yao, na Kikosi cha 19 cha Askari wa Miguu kilichoundwa Knoxville mwaka 1861 ni ushahidi. Baada ya mwaka 1863 kisasi kilikwenda pande zote. Brownlow alipokuwa gavana mwaka 1865, waliokuwa upande wa Shirikisho walinyimwa kura, na wengi walipigwa au kuhamishwa na majirani waliorudi kutoka vitani.

Mkazi wa Knoxville

Nimejifunza mengi kwa siku moja. Nitawapelekea wenzangu habari ya Union City kwa uangalifu. Naomba swali la mwisho: familia ya mwenzangu wa upande wa Muungano inasema mtu mwingine wa ukoo wao, wa mashariki, alikufa mtoni baada ya vita kwisha. Je, linawezekana?

Msomaji wa Nyaraka

Linawezekana sana, ndugu. Mwezi Septemba 1864 watu wengi wa Kikosi cha 3 cha Wapanda Farasi cha Tennessee cha Muungano, waliotoka katika kaunti zilizozunguka Knoxville, walitekwa na Forrest kaskazini mwa Alabama na kufungwa katika gereza la Cahaba. Vita vilipokwisha walipakiwa katika meli ya mvuke Sultana ili warudishwe kaskazini. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba watu 376 na ilikuwa na zaidi ya 2,000. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Aprili 1865 mitambo yake ya mvuke ililipuka katika Mto Mississippi juu kidogo ya Memphis, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Kwa kuwa kikosi kilikuwa cha kaunti chache, vilio vilisikika katika makanisa yaleyale kwa wakati mmoja. Manusura waliojenga mnara wao mwaka 1916 waliuweka hapohapo Knoxville, katika makaburi ya Mount Olive, nawe unaweza kuusoma ukiwa na jina mkononi.

Kama jina halipo, mwenzako aulizie mafaili ya pensheni ya serikali kuu, ambayo wajane na akina mama wa askari wa Muungano walistahili kuomba tangu sheria ya mwaka 1862. Maveterani wa Shirikisho walisubiri pensheni ya jimbo la Tennessee hadi mwaka 1891, na mafaili yao yako Nashville. Aulizie pia ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Madai ya Kusini iliyoanza kazi mwaka 1871, ambako kila aliyedai fidia ya farasi au mahindi yaliyochukuliwa na jeshi la Muungano alilazimika kueleza, mbele ya majirani zake kama mashahidi, alikuwa upande gani na ndugu zake walipigana katika kikosi kipi.